Achia Kifua

Mikono yangu haijawahi kudharauliwa na mtu, sembuse na mashine. Pale bekari donge likiwa gumu naitwa mimi, hamira ikigoma naitwa mimi, na hata mwenzangu tunayemwita Tembo, kwa jinsi alivyojaa mabega, akichoka huniachia mimi nimalizie. Kwa hiyo siku ile nesi alipolaza sanamu la mpira juu ya meza yetu ya kukandia akaniambia nilibonyeze kifua, nilikunja mikono ya blauzi nikacheka. Nilicheka mapema mno.

Nikueleze kwanza huyo nesi alifuata nini. Alifuata habari ya mume wangu. Sisi tulijaliwa pacha, sasa wamekuwa wakubwa wako chuoni, lakini mpaka leo watu wanatuita Mama Mapacha na Baba Mapacha, na majina tuliyopewa na wazazi wetu yanajulikana benki tu. Baba Mapacha ndiye mtu wa tanuri. Hata ukande wewe na uumue wewe, bila yeye huna mkate, una unga uliovimba. Anajua tanuri letu linaunguza upande gani, anajua mkate wa nyuma uhamie mbele wakati gani, na haya yote anayajua kwa pua, amekupa mgongo anazungumza mambo mengine kabisa.

Basi moyo ukamkwama. Wala hakuwa kazini. Alikuwa nyumbani ameketi anamenya chungwa, akaniambia kifua kinambana, mara jasho likamvuja utadhani kamwagiwa ndoo. Na mimi nikamkumbatia. Ndicho nilichokijua. Nilimkumbatia mpaka gari likafika, nikamkumbatia ndani ya gari, na kwenye mlango wa hospitali ilibidi wanibandue.

Walimzibua mshipa, akapona. Akarudi nyumbani na mfuko wa dawa, mkanda mweusi wa kuvaa kifuani na programu kwenye simu. Mkanda unasikiliza moyo, simu inapokea, na mtaalamu wa mazoezi akiwa kwenye ofisi yake huko anaona kila kitu. Asubuhi dada huyo anapiga simu ya video, Baba Mapacha anatembea kibarazani kwenda na kurudi, anakaa kwenye kiti na kusimama, ananyanyua chupa za maji, na yeye anamhimiza kama kocha. Mwanzoni mume wangu alikuwa akimaliza anahema, hana hata pumzi ya kulalamika. Baadaye pumzi ikarudi, na malalamiko yakarudi nayo. Chumvi hamna, kazi hamna, kuta zilezile kutwa. Akaanza kunifundisha namna ya kukunja shuka. Mwanamume aliyezoea kuamrisha moto, ukimfungia ndani na shuka, jua kwamba mtagombana.

Mwishowe daktari akasema anaweza kurudi kazini taratibu, asibebe magunia, na akichoka apumzike. Bosi akafurahi, maana tangu Baba Mapacha aondoke mikate yetu ilikuwa myeusi upande mmoja na mibichi upande wa pili, na wateja hawana haya, wanakuambia usoni. Lakini bosi wetu ni mwoga. Akasema sawa, arudi, ila katika zamu yake lazima wawepo watu wawili waliofaulu mtihani wa kumrudisha mtu ambaye moyo wake umesimama. Si waliohudhuria, waliofaulu. Zamu yetu ina watu watatu wengine tu: mimi, Tembo, na wifi yangu, dada yake Baba Mapacha, ambaye anauza kaunta. Wawili kati yetu tukipita, mume wangu anarudi kwenye tanuri lake. Tusipopita, nafasi inakwenda kwa mpikaji mwingine ambaye bosi alishazungumza naye. Baba Mapacha aliposikia hivyo, usiku ule hakumaliza chakula.

Sasa turudi kwa sanamu. Halina mikono wala miguu, ni kichwa na kifua tu, na mdomo uko wazi kama mtu aliyetajiwa bei. Tembo akaliita Bwana Mpira, na jina likashika hapohapo. Ndani limejaa vifaa vya kupimia, na nesi ana tableti inayopokea habari zake. Ukibonyeza vizuri mistari inakuwa kijani, ukikosea inakuwa myekundu, na humo ndani kuna sauti ya mwanamke, mpole, asiye na haraka, ambaye kazi yake ni kukutajia kosa lako mbele za watu.

Wifi alitangulia. Wifi yangu huyu ni mwembamba hivi, hata gunia tupu anatafuta wa kumsaidia. Akapanda kwenye kibao kilichowekwa kando ya meza, akanyoosha mikono, akabonyeza, na mistari ikawa kijani mwanzo hadi mwisho. Nesi akampigia makofi, akaandika kwamba amefaulu. Wifi akashuka akijipangusa viganja visivyo na hata chembe ya unga, akaniuliza kama niletewe maji sasa au nitayahitaji baadaye.  Wifi ukimjibu unampa kazi.

Nikapanda mimi. Kina, kijani. Kasi, kijani. Nikaona raha. Mara yule mwanamke wa tableti akasema niachie kifua. Nikaongeza nguvu. Akarudia, niachie kifua. Nikamwambia nimeachia. Akasema, kwa upole uleule, niachie kifua kabisa. Mstari wa tatu ukawa mwekundu kama pilipili, na wifi akageukia dirishani mabega yakimtetemeka.

Tembo yeye alikuwa kama mimi, na zaidi. Alimbonyeza Bwana Mpira mpaka kitu humo ndani kikalia ka, na nesi akalikimbilia sanamu lake kama mama aliyeona mtoto mchanga amebebwa kichwa chini.

Nesi alitutazama mikono, akaomba tumwonyeshe tunavyokanda. Tukamwonyesha. Mashine ya kuchanganyia tunayo, lakini kumalizia ni mikono, na mkandaji mzuri haondoi kiganja kwenye donge. Ukiinua tu linakunata, linakufuata. Kwa hiyo unaegemea, unasukuma, unakunja, unaegemea tena, na uzito wako haukutoki mikononi mpaka kazi iishe. Nesi akasema tatizo liko hapo. Ukibonyeza kifua, damu inatoka kwenye moyo. Ukiachia, moyo unajaa. Ukibaki umeegemea, basi unakuja kubonyeza moyo mtupu, na hata uwe na nguvu za trekta hakuna kinachomfikia mgonjwa kichwani. Alisema kwa adabu, lakini mimi niliona ananitukana. Nikamjibu kwamba mikono hii inalisha mtaa mzima. Akasema anaamini kabisa, na kwamba wiki ijayo atarudi kwa mara ya mwisho.

Kabla hajaondoka alituwekea mazoezi kwenye simu. Unaishika simu chini ya kiganja, unabonyeza mto, nayo inakuambia umekosea wapi. Sauti ni ileile. Yaani yule mwanamke akahamia nyumbani kwangu! Nikirudi kazini namkuta, nikimaliza kupika namkuta, nashindilia mto wa kochi naye ananiambia achia kifua, achia kifua. Wahenga walisema mkamia maji hayanywi. Nadhani walikuwa wakinitazama mimi juu ya ule mto.

Na kuna jambo jingine, ambalo pale kazini walilijua lakini hawakulisema mbele yangu. Ile programu ya moyo wa mume wangu nilikuwa nayo na mimi. Niliiomba mwenyewe hospitali, na dada wa mazoezi akaniunganishia, ingawa alinionya nisiifanye kuwa kazi. Nikaifanya kazi. Simu nilikuwa naisimamisha kwenye rafu ya trei, mkono mmoja kwenye unga, jicho kwenye moyo wa Baba Mapacha. Ukipanda kidogo, nampigia. Ukishuka, nampigia. Akichelewa kupokea, nampigia jirani.

Siku moja mchana ulipanda ghafla mpaka nikahisi wangu unasimama. Nikapiga, hapokei. Nikapiga kwa jirani, hapokei. Niliacha donge mezani nikatoka mbio na aproni yangu, kandambili moja ikabaki barabarani, unga umenijaa mpaka nyusi. Nilipofika nilisukuma mlango nikamkuta mume wangu na jirani wamekumbatiana wanaruka. Timu yao ilikuwa imefunga goli. Nilimtukana mume wangu, nikamtukana jirani, nikaitukana na timu. Halafu nikakaa sakafuni. Jirani akaenda kunifuatia kandambili, na mpaka leo akiniona ananiuliza matokeo.

Tulipompigia dada wa mazoezi alisema moyo kupanda ni kazi yake, ndiyo maana wanauzoeza, na usiopanda ndio wa kuogopa. Nilimwelewa. Kesho yake simu ilikuwa palepale kwenye rafu ya trei. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi ung'ongo nilikuwa nautazama kutwa nzima.

Jioni ya kuamkia mtihani nilikuwa juu ya mto, nimelowa jasho, na sauti imeniambia achia kifua mpaka nimeanza kuisikia hata simu ikiwa kimya. Baba Mapacha alikuwa kwenye kiti ananitazama. Akazima redio.

"Mama Mapacha, unataka nirudi kazini au hutaki?"

Nikamwambia hilo ni swali gani la kumuuliza mtu aliyevunjika kiuno kwa ajili ya mto.

"Nimekuuliza tu. Maana wewe hujawahi kushindwa na kitu kinachofanywa kwa mikono. Kama unafeli makusudi, niambie, nisiendelee kungoja."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Nilifungua mdomo nimpe vidonge vyake, na kilichotoka si nilichokuwa nimekiandaa.

"Sitaki," nikasema. "Sitaki urudi. Nataka ukae hapo kwenye kiti nikuone."

Nikasema na mengine. Nikamwambia sifeli makusudi, naapa, lakini kila nikiinua mikono kwenye kile kifua cha mpira namwona yeye na lile chungwa, na naona nikiachia tu anaondoka. Sikuwa nimelijua hilo mpaka nilipolisikia nikilisema. Nililia, na mimi si mtu wa kulia, nikilia napiga chafya, kwa hiyo hata huzuni yangu haina heshima.

Aliniacha nimalize. Kisha akashuka kutoka kwenye kiti, akakaa chini karibu yangu.

"Siku ile uliponishika niliona nimepona," akasema. "Lakini hujaniachia tangu siku hiyo, mke wangu. Sasa nitajaa saa ngapi?"

 Halafu, kwa kuwa yeye ni fundi na fundi hawezi kukaa na jambo bila kulishika, akavuta mto akauweka kati yetu. Akaniuliza, pale bekari tunajuaje donge limeumuka? Nikamwambia asinifanye mgeni. Unalibonyeza kwa kidole, unatoa kidole, unaangalia linavyorudi juu. Lisiporudi, limepitiliza. Akasema basi, kesho usikande. Kesho unapima. Bonyeza, toa, lione limerudi, ndipo ubonyeze tena, ila upesi. Umekuwa ukimfanya Bwana Mpira donge bichi, kumbe yeye ni mkate uliokwisha kuumuka, anataka kurudi juu mwenyewe, wewe humpi nafasi.

Nikajaribu. Kwa mara ya kwanza katika wiki nzima, yule mwanamke alinyamaza. Alinyamaza kidogo tu, kisha akarudi na yake, lakini nilikuwa nimeshajua kwamba ananyamazika.

Kesho yake Baba Mapacha alikuja bekari na kuketi kwenye gunia la unga karibu na mlango, shati limepigwa pasi, ametulia kama mzazi aliyeitwa shuleni. Wifi alikuwa ameshafaulu, kwa hiyo alijipa kazi ya kumpepea nesi. Tembo akatangulia. Alibonyeza vizuri, akaachia vizuri, tukaanza kutabasamu, halafu akasahau, uzito wote ukamrudia mikononi, na mistari ikawaka myekundu. Akashuka ameinamisha kichwa. Jitu zima lile, lilitia huruma. Baba Mapacha akampigapiga begani akamwambia bekari bado inahitaji wa kubeba magunia, maana yeye amekatazwa.

Ikabaki zamu yangu. Bosi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake na mikono mifukoni, na mimi najua mfuko mmoja ulikuwa na simu yenye namba ya yule mpikaji mwingine.

Sikuambii kwamba ilikuwa rahisi. Viganja vilitaka kubaki. Kila nilipoviinua vilikuwa vizito kuliko nilipovishusha. Lakini nilibonyeza, nikatoa, nikakiona kifua kimerudi. Nikabonyeza, nikatoa, kimerudi. Kimerudi tena. Nilianza kukiamini. Sauti ilikuwa kimya, nikafikiri tableti imeharibika, nikafikiri mengi, na jasho lilinichuruzika mpaka puani, mpaka nesi akaniwekea mkono mgongoni akaniambia imetosha. Mistari yote ilikuwa kijani. Hata ule wa tatu.

Wifi ndiye aliyenirukia wa kwanza, nikubali nisikubali. Akaniambia sikioni kwamba alijua nitapita, ila alitaka nisijisahau. Bosi akatoa mikono mifukoni, akampa Baba Mapacha mkono, akasema Jumatatu. Nami nikamwangalia mume wangu, nikaona namna uso wake ulivyofunguka, na nikajua kwamba hata kama nina hofu mpaka nazeeka, uso ule nisingeweza kuunyima.

Nesi alipoanza kukunja nyaya zake, Baba Mapacha akainuka kwenye gunia. Akauliza kama na yeye anaweza kujaribu.

Bosi akacheka. Akamwambia yeye ndiye mgonjwa, sasa akianguka atajibonyeza mwenyewe? Tembo akacheka, hata mimi nikacheka. Nesi hakucheka. Akamuuliza kama anaruhusiwa kufanya kazi ngumu namna hiyo. Baba Mapacha akatoa simu, akamwonyesha ujumbe wa dada wa mazoezi. Kumbe alikuwa amemwomba ruhusa. Kumbe mchana nikiwa kazini, alikuwa anashika simu anabonyeza mto uleule, kidogo kidogo, huku yule dada anautazama moyo wake kutoka ofisini, na akimwambia basi, anaacha. Nilikuwa nikiona moyo umepanda, nikimpigia ananiambia yuko kwenye mazoezi. Na kweli alikuwa kwenye mazoezi.

Nesi akamruhusu zamu moja fupi. Baba Mapacha akapanda kwenye kibao taratibu. Miaka yake yote amekuwa akisukuma trei ndani na kuzivuta nje, kwa hiyo mikono yake inajua kwenda na inajua kurudi. Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Mistari kijani mitupu. Yule mwanamke wa tableti hakuwa na la kumwambia. Akashuka kabla hajachoka, paji la uso linang'aa, akavuta pumzi kwa midomo iliyobanwa kama alivyofundishwa.

Bosi akamuuliza, safari hii bila kucheka, amejifunza kwa ajili ya nini, ilhali watu wawili wameshapatikana.

"Sikujifunza kwa ajili yangu," akasema Baba Mapacha, akanielekeza kwa kidevu. "Huyu hapa hali mpaka nile, halali mpaka nilale. Anakimbia njia nzima na aproni kwa sababu ya goli. Moyo wangu una mkanda, una simu, una daktari, na unaye yeye. Wa kwake unaangaliwa na nani?"

 Wifi akageukia dirishani tena, na safari hii si kwa kucheka.  Miezi yote ile nilikuwa nimefikiria kila namna anavyoweza kuanguka, bafuni, kibarazani, mbele ya tanuri, nami nimefikaje, nimefanyaje. Haikunijia hata siku moja kwamba ninayeweza kuanguka ni mimi. Na mtu niliyemweka kwenye kiti nimwone, huko kwenye kiti alikuwa ananiona.

Bosi akakohoa. Akasema Jumatatu ni Jumatatu, lakini tanuri limeshawaka na trei ya kwanza imeumuka, na kama mwenyewe anajisikia, anaweza kuanza na hiyo moja, moja tu, nesi akiwa bado yupo.  Baba Mapacha akanigeukia mimi, akangoja.

Nikamwambia aoshe mikono kwanza.